Amplifaya ya besi kwa shoo ndogo: kuichagua, kuifunga na kuitunza

Waya wa E wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa mawimbi ya 41 Hz hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Gitaa la nyuzi tano likishuka hadi B linafika 31 Hz. Kusukuma hewa kwa mwendo wa taratibu kiasi hicho ni kazi nzito, ndiyo maana amplifaya ya wati 50 inayomtosha mpiga solo kwa raha, mpiga besi ataishia kuitumia nyumbani kwa mazoezi. Hapa tunazungumzia shoo za baa, bustani ya hoteli, harusi ya watu 80 hadi 150, au kanisa la mtaa: mahali ambapo fundi sauti hayupo, au yupo na spika mbili za kwenye stendi ambazo tayari zimelemewa na waimbaji na kinanda.

Wati na omu

Wanunuzi wengi huanza na wati, na wauzaji wanalijua hilo. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mteja wa meza ya nyuma haioni. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka wati 300 hadi 500 ni hatua ndogo kuliko bei inavyodai.

Kinachobeba sauti kweli ni spika. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo ya boksi la spika usikivu wake, yaani desibeli zinazotoka kwa wati 1 ukipima mita 1 mbele yake. Boksi la desibeli 100 likipewa wati 150 linatoa sauti sawa na la desibeli 97 linalopewa wati 300. Kuna pia imani kwamba spika ya inchi 15 lazima iwe na besi nzito kuliko ya inchi 10. Si lazima. Ukubwa wa boksi lenyewe na matundu yake ya kupumulia ndivyo vinavyoamua zaidi, na boksi zuri la spika mbili za inchi 10 linaweza kushuka chini kuliko boksi bovu la 15.

Kwa bendi yenye dramu kamili, nenda na wati 300 hadi 500 pamoja na spika mbili za inchi 10, au moja nzuri ya inchi 12 au 15. Kwaya yenye kinanda na ngoma za mkono inatosheka na kombo (amplifaya na spika ndani ya boksi moja) ya wati 100 hadi 150. Wati hizo ziwe za RMS, yaani nguvu inayodumu. Tarakimu kubwa iliyobandikwa mbele na neno "PMPO" au "peak" haina maana yoyote kwenye kazi.

Wati zisizotajiwa omu (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme) ni nusu ya taarifa. Amplifaya nyingi nyepesi za siku hizi zinazoandikwa wati 500 hutoa kiasi hicho kwenye omu 4. Kwenye boksi moja la omu 8 zinatoa karibu 300. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4, na hapo ndipo penye faida: unapata wati zilizobaki na eneo la koni (ile karatasi ya spika inayosukuma hewa) mara mbili, jumla karibu desibeli 5. Boksi la tatu la omu 8 linashusha mzigo hadi omu 2.7, na amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 4 itajizima au kuungua. Kuhesabu spika zilizo kwenye boksi hakutakuonyesha omu zake. Soma kibandiko karibu na tundu la waya.

Mtumba: pa kuangalia kabla ya kutoa pesa

Amplifaya nyingi nzuri zinaingia zikiwa zimetumika, na nyingine zimetoka Marekani (volti 120, 60 Hz) au Japani (volti 100). Sisi tuko kwenye volti 230 hadi 240 na 50 Hz. Geuza mgongo usome. Kama imeandikwa 100–240V, chomeka tu. Kama kuna swichi ya 115/230, hakikisha iko 230 kabla ya kuwasha, na fyuzi nayo ibadilishwe: kwenye 230 fyuzi huwa kama nusu ya ile ya 115. Kama imeandikwa 120V peke yake, itahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya kile amplifaya inachovuta. Na ikiwa ni ya zamani, nzito, iliyotengenezwa kwa 60 Hz tu, transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi kwenye 50 Hz hata baada ya volti kurekebishwa. Hiyo iache.

Nenda na gitaa lako na waya wako, usitumie vya dukani. Washa amplifaya bila kuchomeka gitaa, pandisha masta (kitufe cha sauti kuu) taratibu: mvumo mdogo wa hewa ni kawaida, mngurumo wa "mmm" mzito maana yake kapasita zimechoka au ethi ina kasoro. Zungusha kila kitufe mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia itamaliza. Kikikata sauti kabisa mahali fulani ni potenshometa iliyokufa. Kisha piga E wazi kwa nguvu, shikilia, usikilize kama kuna kitu kinagonga au kuzomea. Mara nyingi ni skrubu ya wavu au mpini uliolegea, na hapo una hoja ya kupunguziwa bei.

Spika ipime hivi. Ukiwa umezima, weka vidole vinne vya kila mkono ukingoni mwa koni, usukume ndani polepole kwa usawa. Inapaswa kuingia na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili ya ndani imepinda au imeungua. Nusa pia tundu la boksi. Koili iliyoungua haifichi harufu. Ukiwa na mita ya fundi umeme, pima omu kwenye tundu la boksi: la omu 8 litasoma kati ya 5.5 na 7, la omu 4 litasoma 3 na ushee. Likisoma sifuri kuna shoti. Mita isiposoma chochote, koili imekatika.

Amplifaya za valvu zina utamu wake, na Ampeg SVT ya wati 300 iliyotoka mwaka 1969 bado ndiyo kipimo ambacho watu wanaiga. Lakini hedi yake (amplifaya bila boksi la spika) peke yake inazidi kilo 30, valvu zake ni ghali kupatikana huku kwetu, na ukiiwasha bila spika kuchomekwa unaweza kuchoma transfoma ya kutokea. Kwa mtu anayesafiri na bodaboda au daladala, hedi ya kilo 2 au 3 ya teknolojia mpya ndiyo jibu.

Kuifunga ukumbini

Waya wa gitaa na waya wa spika vinafanana kwa nje na vyote vinaweza kuwa na jeki ileile, ndiyo maana vinachanganywa kila wikendi. Wa gitaa una uzi mmoja mwembamba uliozungushiwa kinga. Ukiutumia kati ya hedi na boksi unapata joto, unaweza kupiga shoti, na amplifaya inalipa. Wa spika una nyaya mbili nene za milimita mraba 1.5 au 2.5. Kama vifaa vyako vina matundu ya Speakon, tumia hayo: ingiza, zungusha mpaka kilie "tik", hautachomoka mtu akiukanyaga.

Washa mikisa na pedali kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake, la sivyo spika inakula mshindo.

Gein (kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia) ipandishe huku ukipiga kwa nguvu utakayoitumia kwenye wimbo mkali zaidi, si ile ya kujaribia. Taa ya klipu ikimulika, rudi nyuma kidogo. Masta ndiyo itakayoamua ukubwa wa sauti. Gitaa lenye betri ya volti 9 lina sauti kali zaidi, kwa hiyo bonyeza ile swichi ya "active" au "pad". Na ukimaliza kupiga chomoa jeki kwenye gitaa, kwa sababu jeki ndiyo swichi ya betri. Ukiiacha usiku kucha, kesho besi itatoka imekoroma.

Ekolaiza ianzie katikati, vitufe vyote saa sita. Kosa linalorudiwa ni kupandisha besi na treble (sauti za juu) na kushusha midi (sauti za kati). Ukiwa peke yako chumbani inasikika tamu, bendi ikianza unapotea, kwa sababu sikio linatambua noti kwenye midi, kati ya 400 na 800 Hz. Sauti ikizubaa kama inatoka kwenye pipa, shusha kidogo karibu na 250 Hz. Besi ya benga inayokimbia juu juu inahitaji midi nyingi zaidi. Rumba ya taratibu yenye mapengo inavumilia unene. Kama amplifaya ina kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, kiweke 35 au 40 Hz. Hutasikia kilichoondoka, lakini koni itaacha kupepea bure.

Mahali pa kuweka boksi panabadilisha sauti kuliko pedali yoyote. Mawimbi yanayogonga ukuta wa nyuma yanarudi kupingana na yale ya mbele. Koni ikiwa mita 1 kutoka ukutani, shimo linatokea karibu na 86 Hz, ambapo ndipo ilipo F ya waya wa D, freti ya tatu. Noti hiyo inafifia na wewe unadhani ni gitaa. Sogeza boksi karibu kabisa na ukuta, nalo tatizo linapanda juu mahali lisipoumiza. Kona inaongeza besi zaidi, ila noti moja au mbili zitavuma kupita nyingine. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini nalo linavuma kama ngoma. Weka boksi juu ya kreti ya soda yenye godoro jembamba juu yake. Faida ya pili ya kreti ni kwamba spika inaacha kupigia magoti yako, unajisikia vizuri, hupandishi sauti ovyo.

Mkiingia kwenye mikisa, tumia DI ya amplifaya (tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa) au kiboksi cha DI, ichukue sauti kabla ya ekolaiza yako ili marekebisho yako ya jukwaani yasimharibie fundi. Kwa spika ndogo za stendi mwombe akate besi chini ya 80 au 100 Hz. Amplifaya yako ibebe uzito, zile za stendi zibebe noti.

Umeme

Mngurumo ukianza mara tu baada ya kuchomeka DI, ni ethi mbili zinazozungukana. Bonyeza "ground lift" kwenye DI, imekwisha. Usikate wala kuchomoa pini ya ethi kwenye plagi, hata kama mwenye ukumbi anakwambia ndivyo wanavyofanya siku zote. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya amplifaya. Ethi ikikosekana na kasoro ikatokea, umeme unapita mkononi mwako hadi mdomoni kwenye maiki. Gusa maiki kwa mgongo wa mkono kabla ya kuisogeza mdomoni, na ukihisi kitetemeshi acha kila kitu mpaka mahali palipochomekwa parekebishwe.

Umeme ukikatika, zima swichi ya amplifaya papo hapo. Kinachoua ni kurudi kwake, volti zikipanda ghafla huku kompresa za mafriji yote ya baa zikiwaka pamoja. Subiri dakika tano. Kinga ya friji inafanya kazi hiyo yenyewe, ila jua kwamba ikijikata katikati ya wimbo itakukalisha kimya dakika kadhaa. Jenereta iwashwe na itulie kwanza ndipo mchomeke, na isishirikiane na friji. Waya mrefu wa ekstensheni uufungue wote kwenye rola yake. Ukiuacha umezungushwa unapika.

Matunzo na matatizo ya kawaida

Pwani chumvi na unyevu hula matundu ya jeki. Dalili mashuhuri ni sauti inayopotea na kurudi ukipiga ngumi juu ya amplifaya. Wengi hukimbilia kwa fundi, kumbe kosa liko kwenye tundu la nyuma la "return" (la kurudishia sauti iliyotoka "send" kwenda kwenye pedali) ambalo halijawahi kutumika: ndani yake kuna swichi ndogo inayopitisha sauti, na ikishika kutu sauti inakatika. Unganisha waya mfupi kutoka "send" hadi "return". Sauti ikitulia, umepata mgonjwa. Puliza dawa ya kusafishia viunganishi, ingiza na kutoa jeki mara ishirini, ondoa waya. Mafuta ya kulainisha bawaba si dawa ya kazi hii. Yanaacha utando unaonasa vumbi.

Kila baada ya miezi mitatu toa vumbi kwenye feni kwa brashi laini, na kaza skrubu za spika kwa mkono, zikivukana kama unavyokaza nati za tairi. Mende hupenda joto la transfoma, kwa hiyo hifadhi amplifaya kwenye mfuko uliofungwa, mbali na jiko. Ikitoka kwenye gari lenye joto kuingia ukumbi wenye kiyoyozi kikali, au kinyume, iache ipumue nusu saa kabla ya kuiwasha.

Ikijizima baada ya dakika kumi, angalia kwanza feni, halafu omu, halafu waya wa spika uliochubuka. Fyuzi ikiungua, weka yenye namba na herufi zilezile: T5A inaungua polepole, F5A inaungua haraka, na hazibadilishani. Ikiungua ya pili, usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Ndani kuna kapasita zinazoshika volti mia kadhaa hata baada ya kuchomoa plagi, na kazi hiyo sasa ni ya fundi mwenye mita.