Umeshindwa kesi ya madai California? Rufaa inaenda hivi

Kwanza cheki tarehe, maana hapa ndo wengi wanapigwa chini. Kesi ya zaidi ya dola 35,000 una siku 60 tangu upelekewe notisi kwamba hukumu imeingizwa, kama hujaletewa notisi yoyote basi mwisho ni siku 180 tangu hukumu iingizwe, na ukichelewa hata siku moja imekula kwako. Notisi ya rufaa, fomu APP-002, unaipeleka kwa karani wa Superior Court (mahakama ya kaunti inayosikiliza kesi mwanzo) ileile iliyokuhukumu, sio mahakama ya rufaa, halafu ndani ya siku 10 unasema unataka kumbukumbu zipi za kesi. Huna hela? Jaza FW-001 uombe msamaha wa ada, ila msamaha haugusi transkripti ya mwandishi wa mahakama, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kwenye kesi, na hiyo si bei ya karanga.

Afu usijidanganye, majaji watatu wa rufaa hawaiti mashahidi upya, wanaangalia kama jaji wa chini alikosea na kosa likakuumiza kweli, so nguvu weka kwenye hoja za maandishi na kila unachodai taja ukurasa wa kumbukumbu. Na kama umeamriwa kulipa hela, rufaa peke yake haimzuii mwenzio kukamata mshahara wako, mpaka uweke dhamana.