Rampu ya kiti mwendo kwenye nchi ya milima: pima kwanza, zege baadaye

Zege lililomwagwa juu ya ngazi tatu na kulainishwa kwa mwiko hupandwa na toroli tu, tena likisukumwa na kijana mwenye nguvu. Mtu aliye kwenye kiti mwendo atashindwa kupanda mwenyewe na anaweza kupinduka chali. Mwenye magongo atateleza, na asiyeona hatajua ukingo unaishia wapi. Maelezo haya ni ya rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia badala ya ngazi, iliyo ndogo, ya duka, zahanati, ofisi au nyumba ya kawaida, kazi ambayo fundi mmoja na vibarua wawili wanaiweza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike, lakini sheria haishiki pima maji. Kazi hiyo ni yako.

Kipimo cha kuanzia ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ukipunguza hadi 1 kwa 8 utaokoa saruji, ila mikono ya mtu wa kawaida haitamfikisha juu. Kama kupanda kunazidi sm 76, weka jukwaa la kupumzikia katikati, lenye urefu wa mita 1.5, kisha endelea.

Acha mlima ukusaidie

Hapa ndipo Mbeya, Tukuyu, Iringa au Makete panapotofautiana na pwani. Kiwanja hakiko sawa. Fundi akipima ngazi akakuta sm 45, akazidisha mara 12, atapata mita 5.4 na kuanza kuchimba. Amekosea, kwa sababu kimo cha kupima si cha penye ngazi. Ni cha mahali rampu itakapogusa ardhi, na hapo ardhi imeshapanda au imeshashuka.

Chukua mfano wa baraza lenye kimo cha sm 45, mbele yake ardhi ikiinamia kushoto kwa sm 3 kila mita. Ukielekeza rampu kushoto, unafukuzana na ardhi inayokimbia: itakuwa na urefu wa mita 8.4 na kupanda sm 70. Ukiielekeza kulia, ardhi inakuja kukupokea: mita 4 zinatosha, na kupanda ni sm 33 tu. Baraza ni lilelile, saruji ni chini ya nusu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tandika mpira wa maji pande zote mbili; maji yaliyo ndani hukaa usawa mmoja kwenye ncha zake mbili, nawe unapima kimo kutoka hapo. Mpira uwe unaoonyesha ndani, usiwe na mapovu, maana povu moja linaweza kukudanganya kwa sentimita kadhaa. Rampu inayofuata ukuta wa baraza karibu kila mara ni bora kuliko inayotoka moja kwa moja kuelekea mtaroni.

Upana uwe mita 1.2 kati ya kingo na kingo. Juu, mbele ya mlango, weka jukwaa lililo sawa la mita 1.5 kwa 1.5, ili mtu asimame na kufungua mlango bila kurudi nyuma. Kama wateja wako hutumia baiskeli za matairi matatu, jukwaa lifike mita 2. Chini nako acha mita 1.5 za uwazi. Ngazi usizibomoe zote: wapo wanaotembea kwa magongo ambao huona ngazi fupi ni nafuu kuliko mteremko.

Kujaza na kumwaga

Rampu nyingi hupasuka kwa sababu ya kilicho chini yake. Usijazie udongo mweusi wa shambani. Ule wa volkano wa Rungwe ni mzuri kwa migomba na viazi, ila chini ya zege hutitia. Toa tabaka la juu lenye mizizi, jenga ukuta wa tofali upande wa nje, kisha jaza moramu (udongo wa changarawe) au mawe madogo kwa matabaka ya sm 15, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa hadi kisigino kisiache alama. Ukijaza yote kwa mara moja na kushindilia juu tu, chini patabaki pamelegea, na mvua za masika zitakuonyesha.

Mguu wa rampu ndio unaovunjika kwanza. Ukiacha zege liishe jembamba kama ncha ya kisu, litameguka ndani ya miezi michache na kuacha kidato. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo hukwama kwenye kidato cha sm 2 tu, na mtu hurushwa mbele. Chimba chini ya usawa wa ardhi sm 15 ili zege liishie likiwa nene, uso wake ukilingana na ardhi.

Kwa rampu ya mita 4 pamoja na jukwaa lake, zege la unene wa sm 10 linataka takriban mifuko 5 ya saruji ya kilo 50. Ukuta na kingo hesabu pembeni. Uwiano ni 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja unachukua ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umeloa anza na 20. Vibarua hupenda zege la uji kwa kuwa ni rahisi kusambaza, lakini kwenye mteremko hutiririka chini na kuacha juu pembamba. Nondo za mm 8 zipangwe kila sm 20, zikiinuliwa kwa vijiwe, zisilale kwenye moramu.

Tengeneza kipimo chako kabla hujamwaga. Chukua ubao ulionyooka wa sm 120, upigilie kigingi cha sm 10 chini ya ncha moja. Laza ubao kwenye mteremko, kigingi kikiwa upande wa chini, na uweke pima maji juu yake. Povu likikaa katikati, uko kwenye 1 kwa 12. Likikimbilia upande wa juu, rampu ni kali mno. Pima kwenye mbao za kufungia zege, kisha tena zege likiwa bichi. Pima pia kukingama: rampu isilale upande, maana kiti kitakuwa kikivutwa ukingoni.

Usipige niru, yaani saruji tupu ya kulainisha uso. Niru inapendeza siku ya makabidhiano, na asubuhi ya kwanza ya ukungu inageuka kuwa sabuni. Zege likianza kukaza, piga ufagio mgumu kwa kukata njia, yaani mistari ikingame, isifuate mwendo. Pande zote mbili inua kingo za sm 10: huzuia gurudumu lisitoke, na fimbo nyeupe huzigusa ikajua njia.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya kumwaga, mvua zikiwa zimeisha. Ila Juni na Julai baridi ya usiku huchelewesha zege, kwa hiyo lifunike kwa turubai jioni, mwagilia siku 10 badala ya 7, na usiruhusu mizigo kabla ya hapo.

Vishikio na rangi

Bomba la inchi moja na robo, lenye mm 42 kwa nje, linajaa vizuri kiganjani. Liweke kwenye kimo cha sm 90, pande zote mbili, na lingine sm 70 kwa watoto na waliokaa kwenye kiti. Lizidi mwanzo na mwisho wa rampu kwa sm 30, ncha ikikunjwa chini ili isichome mtu. Kati ya bomba na ukuta acha sm 5 za vidole. Makete na Njombe, ambako chuma cha asubuhi huuma mikono, mbao ya paina iliyopigwa randa vizuri inafaa zaidi.

Piga mstari wa njano mwanzo na mwisho wa mteremko. Unawafaa wenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, ambao jua la mchana huwafanya waone zege lote kuwa jeupe. Rangi changanya na mchanga laini isiteleze. Kama mtaro unapita chini, vyuma vya mfuniko vikingame na mwendo, nafasi zisizidi sm 1.3, la sivyo hunasa gurudumu na ncha ya fimbo.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwaga ndoo ya maji juu ya rampu na umwombe mtumiaji wa kiti mwendo apande na kushuka bila kusukumwa, wewe ukisimama nyuma yake kwa tahadhari. Angalia mahali anapopumzika, mahali gurudumu linapogoma, na kama anaweza kufungua mlango. Mwombe pia asiyeona apite na fimbo yake. Wakikuonyesha kasoro, irekebishwe kabla fundi hajaondoka. Halafu weka utaratibu dukani kwamba pale hapawekwi gunia la viazi wala bodaboda, hata kwa dakika tano.