Kuchagua njia ya kunasa DNA ya malaria kabla ya kuisoma

Wakuu, hii ni kwa mnaofanya kazi na sampuli za malaria huku Bagamoyo, zile damu za kwenye karatasi tunazochukua vijijini. Ukitoa DNA kwenye lile doa kavu, karibu yote ni ya mgonjwa, maana jinomu (DNA yote) ya mtu ina herufi kama bilioni 3 na ya falsiparamu, kimelea cha malaria, ni milioni 23 tu, sasa ukiiingiza hivyo hivyo kwenye mashine ya kusoma DNA hela inaishia kusoma DNA ya mtu.

Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote pima kwa qPCR, kipimo kinachokadiria wingi wa DNA, ujue vimelea vipo kiasi gani, afu jiulize unatafuta nini. Kama ni jeni chache, tuseme jeni ya kelch13 kwa ajili ya usugu wa dawa ya artemisinini, nenda na PCR ya amplikoni, yaani kunakili mara nyingi vile vipande unavyotaka tu, inakubali hata DNA kiduchu. Ukitaka mamia ya maeneo ndo unatumia probu, vipande vya DNA vinavyoshikana na unachotafuta, zenye bayotini ya kushikwa na shanga: zinanasa kipande chako, shanga za sumaku zinavuta, mengine unaosha. Hii inataka DNA nyingi zaidi na mara nyingi inalala usiku mzima kwenye nyuzi kama 65, kwa hiyo hakikisha umeme wa akiba upo.

Sasa kwenye amplikoni ndo wengi wanakwama. DNA ya falsiparamu karibu asilimia 80 ni A na T, kwa hiyo ile hatua ya PCR ya kurefusha nakala mliyozoea ya nyuzi 72 ishushe mpaka 60 hadi 65, la sivyo vipande vingine havitoki kabisa. Praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, zikigombana zigawe tubu mbili, amplikoni moja ikimeza data yote punguza praima zake, usikimbilie kuongeza mizunguko ya PCR, utapata nakala za kitu kile kile tu. Na tafadhali kagua kama praima haijakaa juu ya mutesheni (badiliko la herufi za DNA) inayojulikana, maana kimelea chenye hiyo mutesheni kinaweza kisitoke na we ukaandika hakipo, hilo ni kosa zito sana kwa kazi ya usugu wa dawa.

Kusafisha DNA kwa shanga za sumaku, ethanoli ya kuoshea ya asilimia 80 changanya siku hiyo hiyo. Ziangalie zinavyokauka: zikiwa bado zinang'aa subiri, mng'ao ukiisha weka bafa ya kutolea DNA hapo hapo, ukiziacha zikapasuka nyufa kama tope la mashamba ya chumvi DNA nyingi haitoki tena.

Na kila raundi weka karatasi tupu isiyo na damu kuanzia kutoa DNA, kelch13 ikitokea humo simamisha raundi yote na utafute uchafu umeingilia wapi.