Kurekebisha katiba ya jumuiya mkiwa nje: kutoka rasimu hadi kwa Mrajis

Jumuiya nyingi za Wazanzibari walioko nje zina sura mbili. Kuna jumuiya iliyosajiliwa Zanzibar, tuseme ya kusaidia skuli na kituo cha afya huko Micheweni au Mkoani. Halafu kuna kinachoitwa tawi, kilichosajiliwa Uingereza au Kanada ili kiweze kufungua akaunti na kuchangisha. Watu ni walewale na kundi la WhatsApp ni moja, lakini kisheria hivyo ni vyombo viwili, kila kimoja na katiba yake na msajili wake. Uamuzi uliopitishwa London hauigusi katiba iliyoko kwa Mrajis, yaani msajili wa jumuiya wa Zanzibar, na uliopitishwa Chake Chake hauigusi iliyoko Charity Commission, msajili wa vyombo vya hisani wa huko Uingereza. Kwa hiyo kabla hamjaunda kamati wala kuandika rasimu, semeni kwa maandishi mnarekebisha katiba ya chombo kipi. Ikiwa ni zote mbili, hiyo ni mikutano miwili yenye mihtasari miwili, hata kama itafuatana siku moja.

Jambo la pili ni nakala. Katiba inayozunguka kwenye simu za wanachama mara nyingi ni rasimu ya zamani, au iliyochapwa upya na mtu akaruka ukurasa. Inayotumika ni ile yenye muhuri wa Mrajis. Kama Katibu hanayo, aombe nakala ofisini kwa Mrajis kwa barua, akitaja jina kamili la jumuiya na namba ya usajili. Chapeni upya kutoka nakala hiyo, neno kwa neno, makosa na yote, kisha rekebisheni juu yake.

Na msiazime vifungu kutoka katiba ya asasi ya Tanzania Bara kwa sababu tu imeandikwa vizuri. Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya 2002 ni ya Bara. Zanzibar ina sheria zake, na katiba nyingi za zamani zinaitaja Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995. Mkikuta sheria imetajwa kwa namba, ulizeni kwa Mrajis kama ndiyo inayotumika leo, au andikeni tu "sheria ya jumuiya inayotumika Zanzibar", ili sheria ikibadilika katiba yenu isibaki nyuma.

Hesabu ya kura na akidi

Sasa fungueni kifungu cha marekebisho, ambacho kwa kawaida kiko mwishoni, karibu na kile cha kuvunjika kwa jumuiya. Kitafuteni kwa maswali manne: nani anaruhusiwa kupendekeza, taarifa itolewe siku ngapi kabla, akidi (idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uwe halali) ni ngapi, na kura zinazotakiwa ni ngapi. Marekebisho mengi yanayokwama hukwama hapa, wala si kwenye maudhui.

"Theluthi mbili" peke yake haina maana mpaka mjue ni theluthi mbili ya nini. Chukueni jumuiya yenye wanachama 120 kwenye daftari, waliohudhuria 45, na kati yao 5 hawakupiga kura. Theluthi mbili ya wanachama wote ni 80, na hapo mkutano wa watu 45 hauwezi kubadilisha hata koma. Theluthi mbili ya waliohudhuria ni 30. Theluthi mbili ya kura zilizopigwa ni 27, maana 26 hazifiki. Kifungu kikiwa na utata, mshike tafsiri iliyo ngumu zaidi kwa mara hii, kisha mkiandike upya kwa uwazi. Mwanachama aliyekasirika huanzia hapohapo anapopeleka malalamiko.

Akidi nayo. Katiba iliyoandikwa enzi wanachama wote walikuwa wakikaa Wete ilidai nusu yao wahudhurie, na wakati ule nusu ilipatikana. Leo kati ya 120 wengine wamehama, wengine wamefariki, wengine hawajalipa ada miaka minne, lakini majina yao bado yanahesabiwa na akidi bado ni 60. Dawa yake ni kusafisha daftari kwanza, na kulisafisha kwa mujibu wa katiba. Ikiwa kuna kifungu kinachosema asiyelipa ada kwa miaka miwili hupoteza uanachama baada ya kuandikiwa, basi waandikieni wote wanaohusika kwa siku moja, wapeni muda uliotajwa, Kamati Tendaji ikae ipitishe, na muhtasari uandikwe. Daftari likishuka hadi 70, akidi ni 35. Hili lifanyike kabla ya taarifa ya mkutano kutoka. Mkiwaondoa watu baada ya rasimu kusambazwa, tena wale tu wanaojulikana kuipinga, hata marekebisho mazuri yataonekana ni hila.

Kwenye katiba mpya msiweke akidi ya sehemu peke yake. Maneno kama "robo ya wanachama waliolipa ada au watu 20, idadi yoyote iliyo kubwa" yanaibeba jumuiya ikikua na ikipungua. Ongezeni na kifungu cha mkutano ulioahirishwa: akidi isipotimia, mkutano unaitishwa tena baada ya siku 14 kwa ajenda ileile, na waliohudhuria ndio akidi. Kifungu hiki kimoja kinaokoa miaka.

Vifungu vinavyomuumiza aliyeko nje

Uanachama. Katiba nyingi zinasema mwanachama awe "Mzanzibari" au "raia wa Tanzania". Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, na Sheria ya Mzanzibari ya 1985 inamtaka Mzanzibari awe raia wa Tanzania. Maana yake mjumbe aliyechukua uraia wa Uingereza au Kanada, hata akiwa ndiye mchangaji mkubwa, kwa maneno ya katiba si mwanachama tena, na kura yake inaweza kupingwa. Andikeni "mtu mwenye asili ya Zanzibar, au mwenza wake, au mtoto wake" kama ndivyo mnavyokusudia. Kabla hamjaipigia kura rasimu, mwulizeni Mrajis kama asiye raia anaweza kuwa mwanachama kamili na kushika uongozi, maana nafasi ya Mwenyekiti au Mshika Fedha inaweza kuwa na masharti yake. Njia ya kati ni kuweka aina mbili za wanachama, ilimradi mseme wazi aina ipi ina kura.

Mfuko wa kufa na kuzikana. Hapa ndipo katiba za nje zinapogongana na sheria za wenyeji. Chombo cha hisani kilichosajiliwa Uingereza lazima kiwe kwa manufaa ya umma. Mkiandika humo kwamba mwanachama aliyelipa ada akifariki jumuiya itasafirisha maiti yake hadi Pemba, hayo ni manufaa ya wanachama wenyewe, na si lengo la hisani. Tenganisheni: mfuko wa misiba uwe na akaunti yake, daftari lake na kanuni zake, nje ya chombo cha hisani. Watu watanung'unika kwamba ni kazi mara mbili. Kweli ni kazi mara mbili.

Viwango vya fedha. Ada, faini, kiasi anachoweza kutoa Mshika Fedha bila kikao: vitu hivi visikae kwenye katiba. Katiba iseme tu kwamba kuna ada na kwamba Mkutano Mkuu ndio unaoipanga. Tarakimu ziende kwenye kanuni za ndani. Vinginevyo kila mtakapopandisha ada mtaitisha theluthi mbili na kwenda tena kwa Mrajis.

Muda wa uongozi. Mkiweka ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitatu, andikeni na kifungu cha mpito: je, vipindi vya nyuma vinahesabiwa au hesabu inaanza upya? Msipoandika, kila upande utajibu kwa faida yake uchaguzi ukikaribia.

Kuvunjika kwa jumuiya. Msikifute wala kukilegeza kifungu hiki kwa kisingizio kwamba "hatutavunjika". Kwa chombo cha hisani cha Uingereza, na kwa cha Marekani chenye msamaha wa kodi wa 501(c)(3), mali inayobaki haiwezi kugawanywa kwa wanachama. Lazima iende kwa chombo chenye malengo ya aina hiyo.

Lugha. Mkiwa na nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza, semeni ipi inashinda zikipishana. Kwa ya Zanzibar tungechagua Kiswahili, kwa sababu ndiyo wanachama wanayoisoma kwenye mkutano.

Rasimu na mkutano

Kamati ya katiba ya watu watatu hadi watano inatosha, mmoja wao awe Zanzibar kwa ajili ya kufuatilia ofisini. Rasimu iwe jedwali la safu tatu: kifungu kilivyo, kinavyopendekezwa, na sababu kwa sentensi moja. Kumtumia mwanachama katiba nzima mpya ya kurasa 18 na kumwambia "someni" ni kumnyima nafasi ya kuona kilichobadilika. Mkimaliza, pitieni namba. Kifungu cha 9 kikifutwa, cha 10 kinakuwa cha 9, na kule kwenye fedha bado mmeandika "kama ilivyoelezwa kifungu cha 10(b)". Kosa hili ni dogo, lakini linaweza kurudisha faili.

Taarifa itoke na maandishi kamili ya marekebisho. Tarehe iandikwe kwa saa za Zanzibar, na saa iandikwe kwa namna mbili: "saa 2:00 usiku, yaani 20:00". Mtu aliyezaliwa Toronto akiona 2:00 ataweka kengele ya saa nane mchana. Wakati wa baridi saa mbili usiku ya Zanzibar ni saa kumi na moja jioni London, saa sita mchana Toronto na saa tatu usiku Muscat. Isha imeshasaliwa Unguja na hakuna anayeamka usiku wa manane. Epukeni Ramadhani kwa sababu ya tarawehe. Epukeni pia wiki inayoanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba, maana Ulaya hurudisha saa siku hiyo, na sehemu kubwa ya Kanada na Marekani hungoja Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Kura ya dole gumba kwenye WhatsApp si mkutano. Ikiwa katiba ya sasa haisemi chochote kuhusu kuhudhuria kwa Zoom, mwandikieni Mrajis kabla ya mkutano mkiuliza kama wa mtandaoni wahesabiwe, na jibu lake liambatishwe kwenye muhtasari. Likikawia, kusanyeni akidi ya watu waliokaa ukumbini, Chake au mjini, na kifungu cha kwanza kupigiwa kura kiwe kile kinachoruhusu mahudhurio ya mtandaoni kwa siku zijazo. Kura za uwakilishi, yaani mtu kumpigia kura mwenzake asiyehudhuria, ziruhusiwe tu kama katiba inazitaja, na katiba mpya imzuie mtu mmoja kubeba zaidi ya mbili.

Pigeni kura kifungu kwa kifungu pale penye ubishi, na vilivyobaki kwa pamoja. Anayetaka kurekebisha maneno mkutanoni aruhusiwe, mradi asizidi kile kilichotangazwa. Wazo jipya kabisa lisubiri mkutano mwingine, kwa sababu wasiohudhuria hawakupewa taarifa yake.

Kuwasilisha

Muhtasari uoneshe idadi kwenye daftari, akidi, waliohudhuria kwa majina, na kura za ndiyo, hapana na zisizopigwa kwa kila kifungu. Kwa Zanzibar, peleka kwa Mrajis barua, muhtasari uliosainiwa, orodha ya mahudhurio na katiba nzima iliyorekebishwa. Fanyeni kazi kwa katiba ya zamani hadi mpya ikubaliwe.

Uingereza na Wales, kwa chombo cha hisani cha aina ya CIO (Charitable Incorporated Organisation), zinatakiwa asilimia 75 ya kura kwenye mkutano, nakala ipelekwe Charity Commission ndani ya siku 15, na marekebisho yanaanza siku azimio linapopitishwa au tarehe ya baadaye iliyotajwa humo, isipokuwa ya malengo, ambayo hayaanzi mpaka yasajiliwe. Kubadilisha malengo, mwelekeo wa mali wakati wa kuvunjika, au manufaa ya wadhamini kunahitaji idhini ya Charity Commission kwanza. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina wasimamizi wao wengine. British Columbia, jimbo la Kanada, zinatakiwa theluthi mbili ya kura, taarifa isiyopungua siku 14, na mabadiliko yanaanza yakishawasilishwa kwa msajili. Chombo kilichosajiliwa kwa sheria ya shirikisho ya Kanada, si ya jimbo, kina miezi 12 ya kupeleka kanuni zake kuu (bylaws) baada ya wanachama kuzithibitisha. Walioko Ghuba wasifungue tawi wala kuchangisha bila kibali cha nchi ile. Wajiunge kama wanachama binafsi wa jumuiya ya nyumbani.

Mwisho benki. Ikiwa watia saini wamebadilika, benki itataka dondoo la muhtasari na katiba mpya yenye muhuri, na mara nyingi itataka watia saini wafike wenyewe. Pangeni hilo liangukie wakati watu wako likizo nyumbani, na msimwondoe mtia saini wa zamani hadi wa mpya ameshapokelewa.