Bela ya zamani bado inafunga nyasi poa, anza kuizungusha kwa mkono

Wakulima wengi huku Rongai na Njoro wananunua bela ya mtumba, ile mashine ya kufunga nyasi kavu, zile ndogo za beli za mraba, alafu siku hiyo hiyo inaingia shambani, fundo zikianza kuachia wanasema mashine imezeeka. Jamani, mara nyingi ni kutu, vumbi na kamba tu.

Zima trekta, toa ufunguo, chomoa shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwa bela. Inua ule mkono wa kupima urefu wa beli ndio sindano zinazopitisha kamba ziachiliwe, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito, kwa mkono polepole, kuelekea inakozungukaga ikifanya kazi, na mwenzako aangalie sindano zikipanda akiwa ameweka mikono mbali. Zikigusa chuma mahali popote usiendelee, rekebisha kwanza.

Hapo kwa fundo ndio kuna kazi yenyewe. Toa nyasi na grisi iliyoganda, ile ndoano inayozunguka kufunga fundo isugue na msasa laini mpaka iteleze, kisu cha kamba kiwe kikali. Fundo likitokea upande mmoja wa kamba tu, basi upande ule mwingine haukushikwa, kagua sahani inayoshika kamba na sindano kabla hujagusa kitu ingine. Na usichanganye kamba nono na nyembamba.

Bolti ya flaiwili imewekwa ikatike mashine ikizidiwa. Tafadhali usiweke ngumu ndio isikatike, hapo kitakachovunjika ni sindano au giaboksi, na spea za bela kuukuu kupata ni shida.

Nyasi nazo, boma rhodes (aina ya nyasi ya malisho) ikate ikianza kutoa maua, uifunge unyevu ukiwa chini ya asilimia 20. Kama huna kipimo weka nyasi kidogo na chumvi kavu kwa chupa safi, funga, tingisha, chumvi ikishikana bado ni mbichi. Ukifunga mbichi zinapata joto stoo, zinaota ukungu na zinaweza kushika moto kabisa.

Shambani PTO ikae mizunguko 540 kwa dakika, nyasi zikiwa nyingi shusha gia, usipunguze mafuta. Zile spring mbili za nyuma zinazobana beli zikaze sawa, la sivyo beli inatoka imepinda kama ndizi.

Ukimaliza msimu toa beli iliyobaki ndani, inavuta unyevu na kuozesha chuma, alafu paka ndoano na visu grisi kabla ya mvua ya Machi.