Herufi Tisa, Namba Sita: Namna ya Kujinoa kwa Mchezo wa Maneno na Hesabu

Vijana wanaokuja barazani kwangu Mikindani jioni huuliza kwanza kuhusu mabingwa wa Countdown, mchezo wa maneno na hesabu wa runinga ya kule Uingereza: wamezaliwa na akili ya namna gani? Huwa nawajibu kwamba wamefanya mazoezi mpaka kazi kubwa ikawa imeshaisha kabla saa haijaanza kuhesabu. Naandika haya kwa anayetaka kuanza, awe Mtwara, Lindi au kwingine, hata kama hana mwalimu wala kifaa cha gharama.

Mchezo ulianzia Ufaransa. Armand Jammot aliubuni mwaka 1965 ukiwa shindano la kutafuta neno refu, hesabu zikaongezwa baadaye. Waingereza wakauchukua, na Countdown ndicho kilikuwa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa na Channel 4 siku kituo hicho kilipofunguliwa, 2 Novemba 1982. Wachezaji ni wawili. Kwenye maneno, mmoja huomba herufi tisa, akisema kila mara kama anataka irabu au konsonanti, kisha wote wana sekunde 30 kutafuta neno refu kuliko la mwenzake. Kila herufi ni pointi moja, ila neno la herufi zote tisa hupewa 18. Kwenye hesabu zinatolewa namba sita na shabaha ya tarakimu tatu. Namba kubwa ni nne tu, 25, 50, 75 na 100. Ndogo ni 1 hadi 10, kila moja mara mbili. Unajumlisha, unatoa, unazidisha, unagawanya, kila namba ukiitumia mara moja tu, bila sehemu. Ukipiga shabaha ni pointi 10, ukikosea kwa 5 au pungufu ni 7, ukikosea kwa 6 hadi 10 ni 5, na anayepata ni aliye karibu zaidi. Mwisho kuna fumbo la herufi tisa zilizovurugwa. Wa kwanza kulifumbua anachukua 10.

Pointi nyingi ziko kwenye maneno. Hata hivyo mimi humwanzisha kila mtu na hesabu, na sitabadili msimamo huo. Mtoto anayeongea Kimakonde au Kimwera nyumbani, Kiswahili shuleni na Kiingereza kwa shida hana anachopungukiwa mbele ya 75 na 25. Akishinda hapo mara chache, hofu inamtoka, na hata kamusi anaifungua kwa moyo mwingine.

Anza na jedwali la 75. Likariri hadi 75 mara 13, yaani 975, usiku na mchana, mpaka ukisikia 525 mdomo useme saba wenyewe. Kisha la 25. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, na msimu wa korosho nimewaona akina mama wakizidisha kilo 375 kwa shilingi 2,800 kabla sijagusa kikokotoo. Mmoja nilimwomba anieleze. Akasema kilo mia tatu ni laki nane na arobaini elfu. Sabini na tano ni robo ya mia tatu, basi ongeza laki mbili na kumi elfu. Jumla milioni moja na hamsini elfu, makato bado. Hakuzidisha 375 hata kidogo. Alivunja namba pale inapovunjika kirahisi, na hiyo ndiyo kazi yote ya duru ya hesabu.

Chukua mfano huu. Namba ni 75, 25, 9, 6, 4 na 3. Shabaha ni 869. Mwanzoni wengi hukimbilia kutafuta vigawo. Binti mmoja wa kidato cha pili aliona kwamba 869 ni 79 mara 11, akajenga 79 kwa 75 na 4, kisha 11 kwa kugawanya 6 kwa 3 na kuongeza 9. Safi kabisa, lakini saa ilikuwa imekaribia kumwishia. Nilimwonyesha njia ya pili: 869 iko jirani na 900, na 900 ni 75 mara 12. 9 na 3 ni 12. Pengo ni 31, na 25 na 6 zimekaa pale zinakusubiri. Kwa hiyo tafuta kwanza zao la 75, 25 au 100 lililo karibu, kisha uliza pengo linajazwa na nini. Vigawo ni mlango wa nyuma, uutumie pale wa mbele ukiwa umefungwa.

Ukishaiva kwenye hayo, soma jibu la James Martin, mshindani wa Countdown mwaka 1997, ambalo kila mpenzi wa mchezo huu hulijua. Namba zilikuwa 25, 50, 75, 100, 3 na 6, shabaha 952. Alijumlisha 100 na 6, akazidisha kwa 3 akapata 318, akazidisha kwa 75 akapata 23,850, akatoa 50, akagawanya kwa 25. Ikatoka 952 kamili. Ukiitazama juu juu utadhani mtu huyu ana mashine kichwani. Itazame tena. Kuzidisha kwa 75 kisha kugawanya kwa 25 ni sawa na kuzidisha kwa 3. Kutoa 50 kabla ya kugawanya kwa 25 ni sawa na kutoa 2. Hesabu yake yote ni 318 mara 3, toa 2. Namba kubwa tatu zimemzalia 3 ya pili na 2 ambazo hakuwa nazo mezani. Mwanafunzi wangu akiweza kunieleza hilo kwa maneno yake mwenyewe, najua yuko tayari kwa seti ya namba kubwa nne.

Sasa maneno. Hapa inabidi uchague lugha. Wanaocheza kwa Kiingereza hujifunza miisho, ER, ING, ED, IEST, halafu orodha za maneno yanayotokana na herufi zinazojitokeza mara nyingi. Usidhani Kiingereza kinawafungia watu wa huku nje: Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno, mwaka 2015. Nigel Richards wa New Zealand alifika mbali zaidi. Mwaka huohuo alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa bila kuweza kuzungumza Kifaransa, baada ya kukariri maneno kwa wiki chache.

Sisi barazani tunacheza zaidi kwa Kiswahili. Herufi tumeziandika kwa wino usiofutika kwenye vifuniko vya soda, irabu kwenye bakuli moja, konsonanti kwenye jingine. A ziwe nyingi kuliko zote, ikifuata I, halafu U. E na O chache. Kwenye konsonanti zidisha K, M, N na W. Q na X hazina kazi. C haisimami peke yake, kwa hiyo andika CH kwenye kifuniko kimoja na uihesabu kuwa herufi moja. Kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu, omba irabu nne au tano katika tisa. Anayeomba tatu mara nyingi hujuta.

Sheria moja lazima mkubaliane kabla ya kucheza, la sivyo mtagombana. Neno liwe limeingizwa kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, au liwe mnyambuliko au wingi wake. Pika, pikia, pikisha, pikwa: ruksa. Anapika, tulipika, watakapopika: hapana. Ukiruhusu nafsi na nyakati, mchezo unageuka kuwa wa kubandika viambishi na hakuna anayejifunza neno jipya.

Jifunze maneno kwa ukoo. Ukikutana na pika, andika mpishi, upishi, mapishi, jikumbushe na namna K inavyogeuka SH. Tuseme umetoa M, A, P, I, S, H, I, K, O. Anayetafuta ovyo ataona shimo. Mwenye jicho la ngeli atajaribu KI mbele na kuona kisima au kipimo, herufi sita. Aliyejifunza kwa ukoo ataona mapishi, saba. Kwa fumbo la mwisho fanya hivyo hivyo: tenga kwanza M, U au KI ya mbele, tafuta irabu ya mwisho, weka pamoja SH, NG, MW. DAMUTUNIA huanza kufunguka ukishaitoa U moja ukaiweka mbele. Ni utamaduni.

Kuhusu maisha ya bingwa, ni vema ujue yalivyo. Kule kwenye Countdown hurekodi vipindi vitano kwa siku moja, kwa hiyo mshindi hubadili nguo na kurudi kwenye kiti akiwa amechoka. Fanya mazoezi ukiwa umechoka pia. Akishinda mara nane mfululizo anapumzishwa, akisubiri fainali za msimu. Conor Travers wa Ireland alikuwa na miaka 14 alipotwaa msimu wake mwaka 2006, na mwaka 2013 akashinda tena kati ya mabingwa. Zawadi ya kushinda kipindi kimoja ni birika la chai. Hakuna wa kutajirika hapo. Ila Mark Nyman, aliyewahi kuwa bingwa, baadaye alikuwa mtayarishaji wa kipindi chenyewe, na nadhani huko ndiko kijana wa Kusini anapaswa kutazama: kufundisha, kutunga maswali, kuendesha mashindano ya shule.

Siku ya shindano, kama unaongoza, omba namba kubwa moja, kwa sababu nyote wawili mtapata jibu na pengo litabaki. Kama uko nyuma, omba nne. Neno ambalo huna hakika nalo liache ikiwa unaongoza, litaje ikiwa umezidiwa. Kabla ya fumbo angalia matokeo: ukiwa mbele kwa zaidi ya pointi 10, mikono haina haja ya kutetemeka.

Anza leo na hii: 100, 50, 7, 5, 3, 1. Shabaha ni 742, sekunde 30. Njia ninazozijua ni mbili, na ya pili haigusi 50 kabisa.