Usukani uliogoma kutoka, na namna ya kuunyoosha gari likienda mbele

Habari zenu wakuu. Mdau mmoja ana Corolla 110, usukani umekaa kama saa nane hivi wakati gari linakwenda mbele. Alitaka kuung'oa aurudishe ukiwa umenyooka, ukagoma. Ameuvuta siku mbili. Nikasema bora niandike somo zima, maana hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuutoa usukani, na kuunyoosha.

Nianze na la pili. Usukani ukiwa umepinda, mara tisa kwa kumi kosa haliko kwenye usukani, liko chini kwenye tairodi, zile fimbo mbili zinazosukuma tairi za mbele zikate kona. Usukani umekaa kwenye shafti yenye vijino, na kwa Toyota nyingi vijino hivyo ni 36. Maana yake ukiusogeza kijino kimoja umeugeuza nyuzi 10. Kama umepinda nyuzi 4 hutaupata hata ufanyeje. Ng'oa usukani pale tu unapojua kuna mtu aliwahi kuutoa akaurudisha vibaya, au una kazi nyingine ndani yake.

Utajuaje? Nyanyua mbele, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), kisha zungusha usukani hadi ukomo wa kushoto. Bandika kipande cha selotepu juu kabisa ya usukani, halafu hesabu mizunguko mpaka ukomo wa kulia. Tuseme umepata mitatu kamili. Rudi moja na nusu. Hapo raki (chuma chenye meno kule chini, kinachopelekwa na usukani na kusukuma tairodi) iko katikati. Usukani ukiwa umenyooka hapo, ujue umefungwa sawa, na tatizo ni tairodi. Ruka hadi sehemu ya KUUNYOOSHA KWA TAIRODI. Ukiwa umepinda hapohapo, basi ndiyo, unatoka.

KUUTOA

Kwanza betri. Fungua waya wa hasi, usubiri angalau sekunde 90. Mimi hunywa chai kabisa. Mfumo wa eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) una akiba ya umeme inayobaki baada ya betri kukatwa, na eabegi ikilipuka usoni haikuulizi kama ulikuwa na haraka.

Nyoosha tairi za mbele, raki ikiwa katikati. Pembeni mwa usukani, kulia na kushoto, kuna skrubu mbili za bisibisi ya nyota T30. Zilegeze, vuta eabegi taratibu, chomoa plagi zake. Iweke mbali, upande wa kava ukitazama juu. Ukiilaza kifudifudi ikafyatuka, inaruka kama kombora.

Sasa unaiona nati, mara nyingi ni ya 19. Kabla ya kuigusa, chora mstari wa tipeksi kutoka kwenye shafti hadi kwenye usukani. Mstari huo ndio utakaokuambia baadaye umesogeza vijino vingapi.

Legeza nati, lakini USIITOE. Irudishe nyuma mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, iache hapo. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi niliitoa kabisa, nikauvuta usukani kwa nguvu zangu zote, ukaachia ghafla. Mdomo ulivimba wiki nzima na kila aliyeingia gereji aliuliza nimepigana na nani. Nati ikiwepo, usukani unaachia kidogo tu na kukwama pale.

Jaribu kwanza kwa mikono: shika saa tatu na saa tisa, vuta upande mmoja kisha wa pili, kama unayumbisha. Ukigoma, tia matone machache ya WD-40 kwenye vijino, machache kweli, yasichuruzike kwenye nyaya, uache nusu saa.

Ukiendelea kugoma, tumia pula, kifaa cha kuvutia kinachofungwa kwa bolti. Toyota wameacha matundu mawili yenye hesi kando ya nati, yanachukua bolti za milimita 8. Hapa ndipo watu wanapoharibu: bolti zikizama mno zinapita hadi nyuma na kutoboa ule utepe wa nyaya ulioviringwa, unaopeleka umeme wa honi na eabegi. Hesabu mizunguko mitano au sita ya hesi, basi. Kisha kaza bolti ya katikati ya pula polepole mpaka ukaze mkono, subiri dakika, kaza tena kidogo. Utasikia "ta!" na kazi imekwisha.

Nyundo weka mbali. Shafti ya usukani imetengenezwa ijikunje gari likigonga, ili isimchome dereva kifuani. Ukiipiga nyundo kwa kichwa unaweza kuivunja hapo ndani bila kuona chochote kwa nje. Moto wa gesi nao ni marufuku, una plastiki na nyaya sentimita chache tu chini yake.

KUURUDISHA

Utepe wa nyaya usiuzungushe ovyo. Kama umezunguka, ugeuze kinyume cha saa kwa vidole hadi ukaze, halafu urudi kwa mwelekeo wa saa mizunguko miwili na nusu hadi mitatu, kutegemea gari, mpaka alama zake zikutane. Ukikosea hapa, siku ya kwanza ukikata kona kali unakatika. Weka usukani ukiwa umenyooka juu ya raki iliyo katikati, hakikisha pini ya kurudisha indiketa imeingia tunduni, kaza nati. Toyota za miaka ya 1990 ni karibu Nm 34, za baadaye karibu Nm 50. Si nati ya tairi hiyo, usiipandie.

KUUNYOOSHA KWA TAIRODI

Raki ikiwa nyuma ya ekseli, kama kwenye Corolla: usukani ukipinda kulia gari likienda mbele, fupisha tairodi ya kulia na urefushe ya kushoto kwa kiasi kilekile. Ukipinda kushoto, kinyume chake. Anza na robo mzunguko kila upande. Legeza klipu ya raba ya raki kwanza, la sivyo raba inajisokota na kuchanika. Ukigusa upande mmoja tu umeharibu mpangilio wa tairi, na zitaliwa kabla ya miezi mitatu kuisha. Kaza nati za kufungia tairodi, jaribu barabarani mahali pa tambarare, ukiona bado, rudia. Bado nenda alaimenti ya mashine. Kwa futi unaweza kukaribia tu.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, huku Tunduma pula sina na wa kuniazima hayupo.
Chukua bamba la chuma la milimita 10, toboa matundu mawili yalingane na ya usukani. Bamba likae juu ya ncha ya shafti, bolti mbili zipite ziingie kwenye usukani. Kaza kwa zamu, robo robo kila upande. Linavuta kama pula ya dukani.

Fundi, nimerudisha, taa ya SRS (ya eabegi) inawaka na honi imekufa.
Honi na SRS kwa pamoja? Huo ni utepe, umekatika au plagi haijakaa. Zima, kata betri, kagua plagi kwanza. Na usipime eabegi yenyewe kwa mita, unaweza kuifyatua.

Kaka, mimi jana nimeingia shimo, leo usukani umehama. Niung'oe?
Hapana dada yangu. Usukani haukuhama, kilichohama kiko chini. Angalia kama tairodi imepinda, na mkono wa chini pia. Kabla ya hapo usilipeleke gari mwendo mkali.

Gari langu lina VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze), baada ya alaimenti taa inawaka.
Kuna sensa inayosoma usukani umegeuka kiasi gani. Inatakiwa ifundishwe upya katikati ni wapi, kwa mashine ya dayagnosi. Mwambie fundi "zero point", atakuelewa.

Vipi kuhusu Land Cruiser 70, hizi za ekseli nzima mbele?
Hiyo ni rahisi kuliko zote mkuu. Kuna fimbo moja inayotoka kwenye boksi ya stelingi hadi kwenye tairi. Legeza klampu zake, izungushe, usukani unanyooka bila tairi kubadilika mpangilio wake, kwa sababu tairi zimeungwa na fimbo nyingine. Kaza klampu, ingia barabarani.